Kulala karibu na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wasafiri wa kila aina: mama anayetoka Tabora kwenda kwa mwanawe Muscat, mfanyabiashara wa Lubumbashi anayeshuka usiku, kijana anayepanda ndege kwa mara ya kwanza, mzee anayekwenda Umra na kikundi cha msikiti wake. Majibu yanahusu Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere na mitaa inayouzunguka. Sitataja majina ya hoteli, kwa sababu hoteli hubadili wenyewe na mameneja, na iliyokuwa safi mwaka juzi leo inaweza kuwa vinginevyo. Ninachotaka ujue ni namna ya kuichagua mwenyewe.

Je, kweli nahitaji kulala karibu na uwanja?

Inategemea saa ya ndege yako na mahali unapotoka, kuliko kitu kingine chochote. Uwanja uko kama kilomita 12 kutoka katikati ya jiji, kando ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Usiku wa manane kilomita hizo ni mwendo mfupi tu. Jioni, watu wanapotoka kazini kurudi Ukonga, Gongo la Mboto na Pugu, barabara ni ile ile lakini safari ni nyingine kabisa. Daraja la juu la TAZARA, lile la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018, limepunguza sana kero ya makutano yale, lakini foleni haijakwisha. Halafu kuna misafara ya viongozi. Hii ndiyo njia yao ya kwenda na kutoka uwanjani, na msafara ukipita, magari yote husimamishwa. Wewe na tiketi yako mnangoja kama wengine.

Kwa hiyo, ikiwa ndege yako inaondoka alfajiri au kati ya jioni na saa nne usiku, na unatokea Bunju, Mbezi, Kibaha au Kigamboni, chumba cha karibu kina thamani yake. Vivyo hivyo ukiwa umetoka mkoani kwa basi au treni siku hiyo hiyo. Kama umefikia Upanga au Ilala na ndege ni ya saa tano asubuhi, lala hapo hapo ulipo, toka mapema.

Nani hapaswi kulala karibu na uwanja?

Anayekwenda Zanzibar kwa boti ya asubuhi. Bandari iko katikati ya jiji, na kulala Kipawa, eneo la jirani na uwanja, kisha kuamka kupambana na foleni ya asubuhi ya kuingia mjini ni kujitesa. Anayekuja kwa matibabu Muhimbili naye atafute Upanga. Na wale wanaofuata mzigo Kariakoo, wawe wametoka Moroni, Lilongwe au Mwanza, watapata gesti na lodji tele Kariakoo kwenyewe, wanashuka ngazi wako dukani. Hao wakitaka ukaribu na uwanja, wauhesabu kwa usiku wa mwisho tu, mizigo ikishafungwa.

Nimeona hoteli imeandikwa "dakika tano kutoka uwanjani". Niamini?

Usiamini mpaka uulize mambo mawili: dakika tano za nini, na mpaka jengo gani?

Uwanja una majengo matatu ya abiria. La Tatu, lililozinduliwa Agosti 2019, ndilo la safari za kimataifa. La Pili, lililoanza kazi mwaka 1984, linatumika kwa safari za ndani. La Kwanza ni la zamani zaidi, la ndege ndogo na za kukodi. Mtu anayekwenda Doha akishushwa Jengo la Pili na bajaji imekwisha ondoka, atakuwa na kazi ya kukokota masanduku gizani. Kwa hiyo, ukiongea na hoteli, taja jengo lako kwa jina, na ukipanda gari rudia tena kwa dereva.

Jambo jingine ni upande wa barabara. Barabara ya Nyerere imepanuliwa kwa ajili ya njia za mabasi ya mwendokasi hadi Gongo la Mboto. Hoteli inaweza kuonekana kwenye ramani iko usoni kabisa pa uwanja, kumbe iko ng'ambo, na gari linatakiwa kwenda mbele kutafuta pa kugeuzia. Kuvuka kwa miguu na masanduku, hasa usiku, usithubutu.

Alama ya kwenye ramani ya simu nayo huwa inakosewa mara nyingi, hasa kwa lodji za mitaani. Dawa yake ni rahisi: piga simu mapokezi, mwambie anayepokea, "Dada, nielekeze kama unamwelekeza bodaboda." Akikutajia kituo, kona, kanisa au msikiti, shule, na rangi ya geti, hapo mahali papo. Akibaki na "ukifika utatupigia tu", muulize tena, na akishindwa mara ya pili tafuta kwingine.

Mitaa ipi ni mizuri kwa kulala?

Kipawa, pamoja na maeneo ya Karakata na Majumba Sita, ndiyo ya karibu zaidi. Utapata kuanzia lodji za ghorofa moja hadi hoteli zenye lifti na ukumbi wa mikutano. Zilizo kwenye lami kuu zina faida ya kufikika wakati wowote, hasara yake ni malori. Hii ni barabara ya viwanda na ya mizigo, na breki za semi-trela saa nane usiku zinasikika hadi ghorofa ya tatu. Omba chumba cha nyuma.

Banana na Ukonga ziko mbele kidogo ukitoka mjini. Bei hupungua, chakula cha usiku kinapatikana barabarani, na kwa mtu anayetoka Pugu, Kisarawe au Mbezi kwa njia ya Kinyerezi, ni upande sahihi wa uwanja: asubuhi hapiti mjini. Wageni kutoka Kenya wajue kwamba kondakta akiita "Mombasa! Mombasa!" anataja kituo kilichopo Ukonga.

Tabata, Segerea na Kinyerezi ni mitaa ya makazi. Kumetulia kuliko barabarani, lodji nyingi ni mpya, na zipo zenye ua na maegesho. Nazipenda kwa familia yenye watoto. Angalia tu kama njia ya mwisho kufikia lodji ni lami au vumbi, kwa sababu wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, vumbi hilo huwa tope, na bajaji zitakataa kuingia.

Kuna wanaolala karibu na TAZARA, na si wazo baya kwa mtu mwenye shughuli mjini mchana na ndege usiku. Yuko katikati ya njia.

Kelele za ndege zitaniamsha?

Zinaweza. Njia kuu ya kurukia imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na nyumba zilizo kwenye mstari huo, upande wowote, hupitiwa na ndege kwa chini. Hoteli iliyo pembeni ya mstari, hata ikiwa karibu zaidi, inaweza kuwa tulivu kuliko iliyo mbali lakini chini ya njia ya ndege. Ila niseme ukweli: kinachokosesha watu usingizi eneo hili zaidi ya ndege ni baa. Lodji nyingi zina baa chini au jirani, na Ijumaa na Jumamosi muziki hauzimwi mapema. Uliza kabla ya kulipa: "Kuna baa hapo? Muziki unaisha saa ngapi?"

Tiketi yangu inasema 00:40 tarehe 15. Nichukue chumba cha siku gani?

Hapa ndipo watu wanapokosa ndege, na inaniuma kila nikisikia, kwa sababu wengi wao wametumia akiba ya miaka au wamechangiwa na ukoo mzima.

Saa 00:40 ni saa sita na dakika arobaini usiku. Tarehe 15 inaanza usiku wa manane, kwa hiyo safari yako ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatakiwa uwe uwanjani tarehe 14, kama saa tatu na nusu usiku, ili upate zile saa tatu zinazotakiwa kwa safari ya kimataifa. Ukingoja jioni ya tarehe 15, ndege yako itakuwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita.

Sasa chumba. Ukikichukua kwa usiku wa tarehe 14 kwa kawaida, utalipia usiku ambao utakuwa angani. Unachohitaji ni mahali pa kupumzika mchana wa tarehe 14, uoge, upange mizigo, usali, ule, uondoke saa tatu usiku. Waulize kama wana bei ya mchana. Hoteli nyingi za eneo hili wanaijua hali hii na watakupunguzia. Wasipopunguza, chumba cha siku nzima bado ni nafuu kuliko tiketi mpya.

Ndege ya 03:40 ni saa tisa na dakika arobaini usiku: uwe uwanjani kabla ya saa saba. Mashirika mengi hufunga kaunta saa nzima kabla ya ndege kuondoka, na wakishafunga wamefunga. Kwa safari za ndani fika saa mbili kabla.

Nafika saa tisa usiku. Nikichukua chumba, siku yangu inahesabiwa kuanzia lini?

Swali zuri, na uliulize kabla hujatuma hela. Gesti na lodji nyingi zina utaratibu wa kutoka saa nne asubuhi. Ukiingia saa kumi alfajiri, unaweza kugongewa mlango saa nne ukaambiwa siku imekwisha, uongeze au utoke. Umelipa siku nzima, umelala saa tano.

Njia ni kupatana mapema: "Naingia alfajiri, natoka kesho yake saa nne, nalipa siku moja." Wengine wanakubali, hasa katikati ya wiki vyumba vikiwa wazi. Wengine watataka siku moja na nusu. Kwa vyovyote, yaandikwe kwenye ujumbe wa simu, kwa sababu anayepokea usiku mara nyingi siye uliyepatana naye mchana.

Uliza pia habari za geti. Lodji ndogo hufunga geti kwa mnyororo na kufuli usiku, na mlinzi ana kona yake ya kulala. Nimewahi kuona familia nzima, mtoto amelala juu ya begi la shangazi kaja, baba anagonga geti la bati kwa sarafu, simu ya mapokezi inaita tu, na taa ya ndani inawaka. Walikuwa wamelipia. Basi omba namba ya mlinzi au ya mtu wa zamu ya usiku, na umpigie ukiwa bado unangoja mzigo wako kwenye mkanda.

Hoteli inasema ina gari la kupokea wageni. Ni bure?

Wakati mwingine ndiyo, wakati mwingine ni bure kwenda tu, wakati mwingine ni dereva wa nje wanayemfahamu na bei ni yake. Uliza bei, uliza kama gari lipo usiku, omba jina la dereva, namba yake ya simu na namba ya gari. Mwambie akusubiri nje ya mlango wa kutokea wa Jengo la Tatu na karatasi yenye jina lako. Mtu akikufuata akasema "mimi ndiye niliyetumwa na hoteli" bila kujua jina lako wala la hoteli, mshukuru, endelea kusubiri.

Nisipokuwa na gari la hoteli, nitumie usafiri gani?

Teksi za uwanjani zipo saa zote. Gari la biashara lina kibao cheupe cha namba, gari binafsi cha njano. Patana bei kabla ya kuweka mzigo kwenye buti, si baada. Kwa safari fupi ya Kipawa dereva aliyengoja foleni masaa mengi hafurahii, kwa hiyo usishangae akitaja bei ya mjini. Magari ya programu za simu kama Bolt yanapatikana, bei unaiona mapema, ila utahitaji laini yenye bando, na dereva atakupigia mkubaliane mahali pa kukutania.

Bajaji inafaa mchana, mzigo ukiwa mdogo. Usiku sishauri, na bodaboda na sanduku la kilo 23 sishauri wakati wowote. Ukiwa kwenye bajaji, simu iwe mfukoni na mkoba uwe katikati ya miguu. Daladala za Gongo la Mboto zinapita hapo barabarani, na kwa mtu mwenye begi moja mgongoni mchana kweupe ni usafiri mzuri kabisa.

Natoka mkoani kwa basi. Kutoka Mbezi nifikeje?

Mabasi ya mikoani huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Si lazima upitie Ubungo na mjini. Kuna njia ya Malamba Mawili, Kifuru na Kinyerezi inayokuja kutokea Banana, jirani kabisa na uwanja. Mwambie dereva "pitia Kinyerezi". Hata hivyo, mabasi huchelewa: matairi, mizani, ajali ya wengine njiani. Ukitoka Bukoba, Kigoma au Mbeya usipange kufika na kupanda ndege siku hiyo hiyo. Fika jana yake, ulale. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya hoteli za eneo hili kuwepo.

Na kwa treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa?

Tangu 2024 watu wa Morogoro na Dodoma wamepata njia ya uhakika zaidi. Treni huishia katikati ya jiji, na kutoka hapo unarudi nyuma kuelekea uwanjani. Lakini kabla ya kufika mjini kuna stesheni ya Pugu, ambayo iko kwenye barabara ile ile ya uwanja, upande wa pili. Angalia kwenye tiketi kama treni yako inasimama Pugu. Ikiwa inasimama mchana na una mizigo ya wastani, shuka hapo, ulale Ukonga au Banana. Ikiwa inafika usiku sana, bora ufike mjini ambako usafiri ni mwingi.

Nilipe kwa dola au kwa shilingi?

Kwa shilingi. Tangu tarehe 28 Machi 2025, kanuni za nchi zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni. Mtu akikutajia bei kwa dola, mwombe aitaje kwa shilingi. Kwa anayetoka nje na dola mkononi, badilisha benki au duka la fedha lenye leseni, hata pale uwanjani kiasi cha kutosha teksi na usiku wa kwanza.

Kwa malipo ya simu, "lipa namba", yaani namba ya kulipia ya biashara, yenye jina la biashara ni salama kuliko kutuma kwa namba ya mtu. Ukiletewa namba ya mtu binafsi, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, kisha piga mapokezi uwaulize huyo ni nani. Usitume malipo yote kwa hoteli usiyoijua. Tuma kidogo cha kushikia chumba. Uliza kama bei ni pamoja na kodi na chai ya asubuhi, na ni kwa chumba au kwa mtu. Ukilipa, dai risiti ya mashine.

Niangalie nini chumbani kabla ya kukubali?

Fungua bomba. Hasa la maji ya moto, maana utaoga saa nane usiku wakati hakuna wa kumwita. Washa feni au kiyoyozi uisikilize dakika moja. Dar ina joto, na feni inayogonga itakukosesha ule usingizi uliokuja kuununua. Angalia chandarua kama kina matundu, na kitasa kama kinafunga kwa ndani. Uliza kuhusu jenereta: lipo, na usiku huwashwa? Kama kuna lifti na chumba chako kiko juu, umeme ukikatika utashusha masanduku kwa ngazi.

Soketi pia. Simu yenye tiketi, namba ya dereva na hela zako haipaswi kuingia uwanjani na asilimia tisa.

Nasafiri na watoto, au na mama yangu mzee. Kuna la ziada?

Lipo, na niliseme wazi. Baadhi ya gesti za bei ndogo hupangisha vyumba kwa saa. Milango inafunguliwa na kufungwa usiku kucha, na si mazingira ya kumlaza bibi wala mtoto. Uliza bila aibu: "Mnapokea wageni wa muda mfupi?" Mapokezi wa lodji ya familia hatachukia swali hilo, atakujibu kwa fahari kwamba kwao hakuna.

Kwa mzee, omba chumba cha chini, choo cha kukaa, na mtu wa kusaidia mzigo. Kiti cha magurudumu uwanjani kinaombwa kwa shirika la ndege mapema, si mlangoni.

Naweza kupata chai kabla ya alfajiri?

Hoteli kubwa zitakufungia boksi ukiwaambia jioni. Lodji nyingi jikoni huamka saa kumi na mbili, wewe umeshaondoka. Nunua mapema maandazi au chapati mbili, yai la kuchemsha na maji, ule kabla ya kutoka. Maji hayo hayatapita kwenye ukaguzi wa safari ya kimataifa, kwa hiyo yanywe njiani.

Nina ndugu Dar. Kwa nini nisilale kwake?

Lala kwake kama anakaa upande huu wa mji au ana gari na atakupeleka mwenyewe. Ndugu wa Kigamboni au Bunju mpende, mtembelee, mle pamoja, kisha usiku wa mwisho umuage ukiwa na nafasi. Wengi huona haya kumwambia shangazi kwamba wanakwenda kulala hoteli. Mwambie saa ya ndege, mwonyeshe na tiketi. Akielewa kwamba unatakiwa uwanjani saa saba usiku, atakuwa wa kwanza kukuhimiza utoke mchana.

Nipange kutoka hotelini saa ngapi?

Chukua saa ya ndege, toa saa tatu kwa kimataifa au mbili kwa ndani, kisha toa nusu saa nyingine hata kama geti la uwanja unaliona dirishani. Nusu saa hiyo ni ya kurudisha ufunguo, kumwamsha dereva, na ule ukaguzi wa mwanzo wa mlangoni ambao foleni yake hutoka nje ndege mbili tatu zikikaribiana. Mwagize mapokezi akugongee, weka na kengele ya simu. Pasipoti na tiketi viwe kwenye mkoba wa mkononi tangu jioni, kabla hujazima taa.